Dirisha la bibi

Mtaa wa kale ukipendekezwa kuwa eneo la hifadhi, lazima mtu aeleze kwanza haiba yake ni ipi. Kazi hiyo naifanya mimi, kwa daftari, kamera na futikamba.

Mwanzoni nilikimbilia majengo makubwa, nikayapiga picha pande zote. Niliporudi baada ya miaka michache, yote yalikuwa yamesimama, lakini mtaa wenyewe sikuutambua. Madirisha ya mbao yametolewa, yamewekwa ya alumini. Kuta za nyua za mbele zimebomolewa ili magari yaegeshwe. Ripoti yangu haikuvitaja vitu hivyo, kwa hiyo hapakuwa na cha kuvitetea. Liliniuma sana, na bado linaniuma.

Siku hizi naanza na nyumba za kawaida. Napima upana wa njia na kimo cha nyumba zilizo kandokando, nahesabu madirisha ya asili yaliyobaki, natazama mstari wa mapaa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1967, iliyoanzisha maeneo ya hifadhi ya mitaa ya kale, ililenga hapohapo: haiba na mwonekano wa eneo zima, si jengo mojamoja. Mkataba wa Washington wa mwaka 1987, unaohusu uhifadhi wa miji ya kihistoria, ukahesabu hata nafasi za wazi na shughuli ambazo mji umezizoea.

Ninachokipigania kuliko vyote ni chokaa. Ukuta wa mawe wa zamani hunyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuacha upumue. Ukiupiga saruji, maji hukwama ndani, chumvi hujitokeza, jiwe humomonyoka nyuma ya lipu inayong'aa kwa upya. Mwenye nyumba ametoa fedha zake kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyemwambia.

Juzi bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nyumba yangu haina historia yoyote, unapima nini?" Nikamwonyesha dirisha lake.

"Hilo? Limeoza, nataka kulitupa."

Tukaligusa pamoja. Lilikuwa limeoza chini tu, pale maji ya mvua yanapotuama. Juu mbao ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikamwambia fundi seremala anaweza kukata kile kipande kibovu na kuunga kipya, kisha apake rangi.

"Na kioo?"

"Kioo kibaki, bibi. Tazama kinavyoyumbisha mwanga."

Akainama, akatazama kwa muda mrefu.