Lita 26.5 zilizonirudisha kwenye majedwali

Mwaka 2021 ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga, wenye wanachama 400 hivi na vituo sita vya kupokelea maziwa, ulinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuandika mapokezi ya kila asubuhi na kukokotoa malipo ya mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo kazi yote ilifanyika kwa daftari la karani na kadi ya mfugaji, ambayo karani huijaza mbele ya mwenyewe baada ya kuyapima maziwa kwa laktomita na kuhesabu lita. Nilichagua MongoDB, kanzidata (programu ya kuhifadhi data) inayotunza taarifa kama nyaraka badala ya majedwali, siku hiyo hiyo, kabla hata sijaliona hilo daftari.

Uchaguzi huo ulitokana zaidi na nilichokuwa nikisoma kuliko kazi niliyopewa. Nilikuwa nimezama katika habari za kampuni kubwa, jinsi Amazon ilivyoueleza mfumo wake wa kuhifadhi data uitwao Dynamo mwaka 2007 na jinsi Facebook ilivyoitoa kanzidata yake, Cassandra, kwa umma mwaka 2008, nikaamini kwamba kanzidata za majedwali, ambazo msingi wake uliwekwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, ni mambo ya wazee. Sikujiuliza kampuni hizo zilikuwa zikitatua tatizo gani. Zilikuwa na data isiyoenea kwenye seva moja, nazo zilikuwa radhi kulegeza baadhi ya masharti ya usahihi wa papo kwa papo ili huduma isisimame mashine moja inapozimika. Mimi nilikuwa na watu 400 wanaoleta maziwa mara moja kwa siku, yaani mapokezi 146,000 kwa mwaka hata kama hakuna atakayekosa siku moja, na mzigo wa namna hiyo PostgreSQL, ambayo ni kanzidata ya majedwali, huubeba bila jasho kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Kuanza kulikuwa kutamu, sikatai. Kila mfugaji alikuwa na waraka wake mmoja wenye jina, namba ya simu, kituo, bei ya lita, na ndani yake orodha ya mapokezi yake yote. Ukimfungua unamwona mzima, bila kuunganisha jedwali na jedwali, na nikitaka kuongeza kitu kipya naongeza tu. Laiti kazi ingekuwa kuonyesha taarifa za mfugaji mmoja mmoja, nisingejutia uamuzi huo. Lakini mhasibu hakuwahi kuniuliza habari za mfugaji mmoja. Aliuliza kituo fulani kimepokea lita ngapi kati ya tarehe hii na ile, nani anadaiwa mashudu na hajaleta maziwa wiki nzima, na kwa nini lita tulizolipia hazilingani na lita tulizouza kiwandani. Kwa kila swali la namna hiyo ilinibidi nizifungue nyaraka zote, nizichambue orodha zilizomo ndani yake, kisha niandike msimbo mrefu ambao baada ya mwezi hata mimi mwenyewe sikuuelewa.

Mwisho wa mwezi wa tatu mama mmoja alikuja ofisini na kadi yake imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akaifungua kadi taratibu juu ya meza.

"Mwanangu, mimi hiyo kompyuta siijui, ila lita zangu nazijua. Hebu hesabu mwenyewe."

Nilihesabu mara mbili. Kadi ilikuwa na lita 214, na mfumo wangu ulionyesha 187.5. Nakiri kwamba niliyemshuku kwanza alikuwa karani, na nilimpigia simu kwa sauti ambayo baadaye ilinibidi niiombee radhi. Nilipoufungua waraka wa yule mama na kuusoma mstari kwa mstari, niliyakuta mapokezi yote, hakuna hata siku moja iliyopungua. Tofauti ilikuwa kwenye alama za kunukuu. Siku 26 lita ziliandikwa kama namba, na siku nne, 6.5, 7, 6 na 7, ziliandikwa kama maandishi, ndani ya alama hizo. Siku hizo nne karani alikuwa anaumwa, na aliyemshikia nafasi alitumia simu yake mwenyewe yenye toleo jipya la programu yangu, ambamo nilisahau kuyageuza maandishi ya kwenye kisanduku kuwa namba kabla ya kuyatuma. Kanzidata iliyapokea bila kulalamika, kwa kuwa sikuwahi kuiambia kwamba lita lazima ziwe namba, na amri ya kujumlisha katika MongoDB huruka kimya kimya kila kisicho namba. Ndipo zilipopotelea lita 26.5 za mtu.

Baada ya hapo nilianza kupekua, na nilichokikuta kilinikosesha usingizi. Bei ilipopanda katikati ya mwezi nilipitia nyaraka moja baada ya nyingine kuibadilisha, mtandao ukakatika njiani, na kwa siku tisa kulikuwa na wafugaji wa bei mpya na wafugaji wa bei ya zamani katika ushirika mmoja. Kituo kimoja kilikuwa na majina matatu: Barabarani, barabarani na Brabarani. Mifuko ya mashudu ilipunguzwa ghalani lakini deni halikuandikwa kwa aliyechukua, kwa sababu hizo zilikuwa hatua mbili tofauti na umeme ulikatika baina yake.

Haki itendeke: MongoDB ilikuwa na uwezo wa kukagua maumbo ya nyaraka tangu mwaka 2015, na tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018 inaruhusu muamala mmoja kugusa nyaraka nyingi, zikafaulu zote au zisifaulu hata moja. Ulinzi wote huo ulikuwepo, ni mimi ambaye sikuuwasha. Lakini nilipoanza kuorodhesha masharti niliyoyahitaji, niligundua kuwa najenga kanzidata ya majedwali kwa mkono, tena vibaya.

Kuhamia PostgreSQL kulinichukua wiki mbili. Wanachama walipata jedwali lao, vituo lao, na kila pokezi likawa safumlalo inayolazimika kutaja mwanachama aliyepo na kituo kilichopo, isipotaja hukataliwa. Lita zikawa namba za desimali zilizo juu ya sifuri. Bei ikaondoka kwa mfugaji, ikakaa kwenye jedwali lake pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, hivyo ikibadilika huongezwa safumlalo moja tu. Kutoa mashudu na kuandika deni vikafungwa ndani ya muamala mmoja. Kwa kuwa vituo viwili havina mtandao asubuhi, simu ya karani huyatunza mapokezi na kuyatuma baadaye, kila moja likiwa na namba yake ya pekee, ili likitumwa mara mbili, la pili lirudishwe.

Siku ya kuhamisha data, mapokezi 61 yalikataliwa. Nilikaa na mhasibu na kadi za wafugaji, tukayapitia moja moja hadi saa mbili usiku, na yule mama akalipwa lita zake pamoja na wengine kumi na wawili ambao hawakuwa wamekuja kudai.

Sikuziacha nyaraka kabisa. Daktari wa mifugo anapotembelea zizi huandika mambo yasiyofanana: leo joto la mwili na kupe, kesho kiwele kilichovimba, keshokutwa ndama aliyezaliwa. Ripoti hizo niliziweka kwenye safuwima moja ya aina ya JSONB, inayopokea waraka bila kuulazimisha umbo, ambayo PostgreSQL imekuwa nayo tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, na kwa miaka miwili hakuna aliyezigusa isipokuwa daktari mwenyewe. Mwezi uliopita meneja aliomba idadi ya ng'ombe waliougua ndigana kali, kituo kwa kituo. Nilipoifungua ile safuwima nilikuta "ndigana", "ndigana kali", "Ndigana k." na "homa ya kupe". Sasa hivi natengeneza jedwali la magonjwa.