Sekunde 72

Jumamosi ile treni ilinipitiliza. Shangazi alikuwa ameniambia nishuke Ladbroke Grove, lakini usingizi ukanichukua, nikazindukia kituo kinachofuata, Latimer Road. Nilipoinua macho nikakutana nalo: ghorofa refu limevishwa turubai jeupe, na kileleni moyo mkubwa wa kijani. Sikuhitaji kuuliza. Picha za Grenfell, ghorofa la makazi ya watu, ikiwaka usiku wa Juni 14, 2017 nilikuwa nimeziona kama walivyoziona watu wa dunia nzima. Lakini picha ni picha. Nilisimama pale na begi langu, miguu ikawa mizito.

Ilikuwa Agosti 2019. Nilikwenda London kwa ajili ya kanivali ya Notting Hill, sherehe ya ngoma ya mitaani ambayo shangazi amenisimulia kwenye simu miaka na miaka: Jumatatu ya mwisho ya Agosti na Jumapili inayoitangulia, barabara zinafungwa, na kwa siku hizo mbili watu wanakadiriwa kupita milioni moja. Nikarudi nyuma kwa miguu. Njia nzima mafundi walikuwa wakipigilia mbao kwenye madirisha ya maduka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umechelewa hivyo?"

Nikamweleza nilikoshukia. Akanyamaza, akachukua begi langu akaliingiza ndani. Shangazi ni muuguzi mstaafu. Usiku ule wa moto alishuka na mablanketi na maji ya kunywa, akakaa nje mpaka jua likawa juu. Kulikuwa na jirani yake mmoja kule juu. Tangu siku ile hakuwahi kulitaja jina la huyo mtu.

Usiku, tulipokwisha kula, nikashindwa kujizuia. Mimi nimelelewa hivi: penye msiba, hata redio inapunguzwa sauti.

"Shangazi, watu wanachezaje ngoma hatua chache kutoka pale?"

Hakukasirika. Alivuta kiti, akanianzia mbali. Mwaka 1958 wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walivamiwa katika mitaa hii hii, usiku baada ya usiku, na makundi ya vijana wa Kizungu. Mwandishi wa habari mmoja mzaliwa wa Trinidad, Claudia Jones, aliona watu wake wamekata tamaa, akaandaa kanivali Januari 1959, ndani ya ukumbi wa St Pancras kwa sababu ya baridi. Mwezi Mei mwaka huo huo akauawa kwa kisu Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, akiwa anatembea kurudi nyumbani. Hakuna aliyetiwa hatiani mpaka leo. Zaidi ya watu 1,000 walimsindikiza makaburini. Ngoma yenyewe iliingia barabarani mwaka 1966, pale Rhaune Laslett alipoandaa sherehe ya watoto wa mtaa, na Russell Henderson na wenzake wakabeba ngoma zao wakaanza kutembea nazo. Watu wakawafuata.

"Sasa wewe unaniuliza msiba," akasema. "Kesho saa tisa uwe karibu yangu."

Jumapili ni siku ya watoto. Joto lilipita nyuzi 30, lami inanata. Tulisimama kando ya gari lililobeba ngoma za mapipa, na hapo nilisahau kila kitu kwa muda. Nilizisogelea nikaziangalia vizuri. Ni mapipa ya mafuta kweli, kazi iliyoanzia Trinidad: kitako cha pipa kinagongwa kwa nyundo hadi kinabonyea kama bakuli, kisha ndani yake vinatengwa vipande vipande, kila kimoja na sauti yake. Mpigaji anashika vijiti viwili vyenye mpira nchani na kugusa kwa wepesi. Chuma kile kinalia kama maji. Sijawahi kusikia chombo kizuri zaidi ya hicho, na sidhani kama nitasikia.

Mbele yetu alikuwa binti wa kama miaka saba, amevaa mbawa za kipepeo, za waya na kitambaa cha manjano, zimeshonewa vipuli vya kumetameta. Waya wa ubawa mmoja ulikuwa umekatika na mama yake alikuwa akiufunga kwa plasta. Aliniomba nimshikie. Nikaushika.

Ndipo filimbi za wasimamizi zikalia. Saa tisa kamili. Muziki ukakatika mtaa mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa, mpaka kule mbali kabisa. Sekunde 72, moja kwa kila aliyefariki Grenfell. Mpiga ngoma aliyekuwa karibu nasi alilaza viganja vyote viwili juu ya chuma ili kisiendelee kulia. Askari mmoja akavua kofia. Katika kimya kile nikasikia kitu kimoja tu: vipuli vya ubawa vikigongana mkononi mwangu. Mkono ulikuwa unanitetemeka. Yule binti akageuka, akavifumbata kwa vidole vyake vidogo, vikatulia.

Maelfu ya watu, na unasikia ndege.

Filimbi zikalia tena. Makofi yakaanza, yakapanda, na kabla hayajaisha yule mpigaji akainua viganja vyake na vijiti vikashuka. Mama alimaliza plasta, binti akaondoka akirukaruka na ubawa wake umepinda kidogo.

Shangazi akanishika mkono tukaufuata msafara. Hatukucheza, tulitembea tu kwa mdundo nyuma ya mapipa. Karibu na kona akanivuta, akaniinamia sikioni, akaniambia jina la yule jirani. Ngoma zilikuwa juu sana, lakini nililisikia. Akalirudia mara ya pili, tukaendelea kutembea.