Ami na gundi yangu inayonywea

Jana alasiri nilipanda mashua hadi Matondoni, kijiji cha Lamu, kumwamkia ami. Nilimkuta ameinama chini ya jahazi lililopandishwa ufuoni, akikalafati, yaani akiziba nyufa kati ya mbao: pamba iliyorowa mafuta, tindo, nyundo, ufa kwa ufa. Kazi yangu ameisikia kwa mbali tu, ati nazibia watu meno kwa taa. Meno ni ya daktari. Mimi nachanganya hiyo dawa ya kuzibia.

Nikamweleza. Ni Bis-GMA, utomvu wa plastiki alioupatia hataza Mmarekani Rafael Bowen mwaka 1962. Peke yake ni nzito kupita asali, hivyo tunailegeza kwa TEGDMA, utomvu mwingine mwepesi, tukatia unga wa kioo na chembe ya kamforokwinoni, ambayo ni manjano. Mwanga wa buluu wa nanomita 470 hivi ukiipiga, molekuli huanza kushikana mikono, na kile kilichokuwa uji kikawa jiwe kabla hujamaliza kuhesabu arobaini.

Ami hakushangaa taa. Aliuliza neno moja tu: "Na ikishakuwa jiwe, hainywei?"

Miaka miwili nahangaika na neno hilo! Hunywea, ami, husinyaa. Molekuli zikishikana husogeleana, na ukingoni hubaki upenyo usioonekana kwa macho. Mate hupita humo, na wadudu wa meno nao, hadi siku mtu anakunywa maji baridi anaruka. Nikizidisha kioo inanywea kidogo, lakini inakakamaa hata haipakiki. Wiki iliyopita nimetupa mchanganyiko mzima kwa sababu hiyo, na sikumwambia mtu.

"Mbao ina adabu," akasema. "Huvuja siku mbili tatu, halafu hunywa maji, ikafura, ikaibana pamba yenyewe."

Nikasema yetu pia hunywa maji kinywani, ikafura kidogo, ila polepole mno, ufa hautusubiri.

"Basi itieni maji kwanza."

Hapo nikacheka. Jino likiwa na majimaji, gundi haishiki vyema. Daktari hulipangusa na kulipuliza kama anayewasha jiko. Ami akatikisa kichwa, akanionea huruma kweli, akarudi kwenye pamba yake.

Nilirudi magharibi ikiingia. Mashuani nikajikuta napapasa kwa ulimi gego langu lililozibwa mwaka juzi, natafuta ukingo wake.