Darjeeling, mji uliojengwa juu ya mgongo wa mlima

Kaskazini mwa jimbo la Bengal Magharibi nchini India, ardhi hupanda ghafla kutoka tambarare kuelekea Sikkim, zamani ufalme na sasa jimbo la India, ikiwa na Nepal upande wa magharibi na Bhutan upande wa mashariki. Huko ndiko uliko mji wa Darjeeling, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umejipanga juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Mawingu yakifunguka, mlima Kangchenjunga wenye kimo cha mita 8,586, wa tatu kwa urefu duniani, huonekana upande wa kaskazini. Kwa maoni yangu, kila jambo kubwa lililoupata mji huu limetokana na mahali ulipo.

Walepcha ndio wenyeji wa asili wa milima hiyo, iliyokuwa chini ya watawala wa Sikkim hadi Wagurkha wa Nepal walipoiteka. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, kampuni ya biashara iliyokuwa na jeshi lake, iliwashinda Wagurkha, ikairudishia Sikkim ardhi hiyo kwa mkataba wa mwaka 1817, kisha mwaka 1835 ikaomba ipewe kipande chake ili askari na maofisa waliodhoofishwa na joto na homa za bondeni wapate pa kupumzika. Hati ya mwaka huo husema kwamba ardhi ilitolewa kwa ajili ya urafiki, lakini siamini kwamba mtawala wa ufalme mdogo wa milimani alikuwa na uhuru mkubwa wa kukataa. Fidia ya rupia 3,000 kwa mwaka ilianza kulipwa mwaka 1841 tu. Mwaka 1849 Sikkim ilipomkamata msimamizi wa mji, Archibald Campbell, pamoja na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, Waingereza walikatisha malipo na kujitwalia pia ardhi ya Sikkim iliyokuwa tambarare.

Campbell huyo ndiye aliyepanda mbegu za chai mwaka 1841. Chai ya asili ya China, yenye majani madogo, ilivumilia baridi na miteremko, na mashamba yakaenea haraka. Wachumaji wengi waliletwa au walihamia kutoka mashariki mwa Nepal, na ndiyo sababu Kinepali ndicho kinachotawala mitaani hadi leo.

Kusafirisha mizigo kwa mikokoteni ya ng'ombe kulikuwa na gharama kubwa mno, hata mchele ukauzwa Darjeeling kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Siliguri, mji ulio tambarare chini ya milima. Reli ya kutoka Siliguri hadi Darjeeling, iliyojengwa kati ya mwaka 1879 na 1881, ina upana wa sentimita 61 tu, ili iweze kukata kona kali. Mahali ambapo mlima ni mkali kupita kiasi, treni husimama, hupanda kinyumenyume, kisha husonga mbele tena. Kwenye injini za mvuke, watu wawili hukaa mbele kabisa wakinyunyiza mchanga kwa mkono juu ya reli ili magurudumu yasiteleze. Treni huvuka kituo cha Ghum, kilicho mita 2,258 juu ya usawa wa bahari, ndipo huteremka kuingia mjini.

Madai ya wakazi wanaozungumza Kinepali ya kuwa na jimbo lao ndani ya India, Gorkhaland, yalizua umwagaji damu katika miaka ya 1980, na mwaka 2017 mgomo wa zaidi ya siku 100 ulisimamisha uchumaji wa chai. Madai hayo yanastahili kusikilizwa kwa makini, hasa ikikumbukwa kwamba familia nyingi za wachumaji, baada ya vizazi kadhaa mashambani, bado hazina hati ya ardhi zilipo nyumba zao.