Wazee Niliowapata Vitabuni

Watoto wengi husimuliwa habari za ukoo wao na waliowazaa. Sisi mashoga aghalabu huzaliwa na watu wasiofanana nasi, hivyo historia yetu huipokea kwa watu baki, tukibahatika kukutana nao. Na waliopaswa kunisimulia mimi, wengi walikufa mapema.

Taarifa ya kwanza ya ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI ilitolewa Marekani tarehe 5 Juni 1981: wanaume watano wa Los Angeles, wote mashoga, walikuwa na nimonia isiyo ya kawaida. Dawa za mseto zilizopunguza vifo zilikuja 1996. Hapo katikati UKIMWI uliondoka na marafiki, wapenzi, walimu, wacheza ngoma, na kumbukumbu zao zote. Takwimu zake nimezisoma nikiwa na macho makavu.

Kilichoniliza ni tamthilia ya Larry Kramer, The Normal Heart, iliyoigizwa New York mwaka 1985, kabla dawa yoyote ya virusi hivyo haijaidhinishwa. Ned anambembeleza Felix, mpenzi wake mgonjwa, ale. Felix hataki. Ned anashikwa na hasira, anavitupa vyakula sakafuni. Nilisoma ukurasa huo nikajua kwamba watu kama mimi wamewahi kupendana hadi kuchoshana, kama wanandoa wengine wowote. Tanzia nyingi za magazetini wakati ule zilificha hata ugonjwa wenyewe: "ameugua kwa muda mrefu," basi, na mpenzi wa marehemu hatajwi. Hadithi ya kubuni ndiyo iliyomrudisha kando ya kitanda.

Lakini nina dukuduku. Kazi zilizosifiwa zaidi zinawalilia hasa wanaume weupe wa miji mikubwa. Wanaume weusi walikufa pia, na wanawake, ambao saratani yao ya mlango wa kizazi haikuingizwa katika vigezo vya Marekani vya kumtambua mgonjwa wa UKIMWI hadi 1993. Nikiwarithi wale tu walioandikwa vizuri, nitakuwa nimewazika wengine mara ya pili.

Tena natamani riwaya moja zaidi, ya aliyenusurika. Wapo waliouza bima zao za maisha, mnunuzi alipwe wao wakifa, wakijua hawatafika mwakani, kisha dawa za 1996 zikawainua. Mtu huyo ana miaka 40, hana akiba, na marafiki zake wote wamezikwa. Asubuhi ile ya kwanza anampigia nani simu? Hilo ndilo ninalotaka mwandishi anisimulie.