Kutoka Goma hadi Bukavu kwa miguu: siku kumi kwenye Congo Nile Trail

Swali ni lile lile kila mahali hapa Goma: kwa nini utembee siku kumi wakati boti ya mwendo kasi inakufikisha Bukavu kwa muda wa asubuhi tu? Nitajibu, lakini nianze na mzigo, maana mzigo ndio ulikaribia kuniharibia safari yote, na mzigo ule sikuuchagua mimi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nachora ubaoni mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nili. Tone likianguka mashariki ya mgongo linaishia Misri. Likianguka magharibi linashuka Ziwa Kivu, linatoka na mto Ruzizi hadi Tanganyika, linapita mto Lukuga, linaingia mto Kongo. Nimeuchora mgongo huo mpaka chaki zimeniishia, na sikuwahi kuukanyaga. Ile njia waliyoiita Congo Nile Trail inapita kwenye miteremko yake ya upande wa ziwa, ng'ambo ya Rwanda, kutoka Gisenyi hadi Kamembe, kilomita 227. Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na bariyeri ya mpaka. Kamembe inatazamana na Bukavu, ambako yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliolewa. Basi mwezi wa Julai 2018, shule zimefungwa, nikamchukua mdogo wangu wa miaka 19, nikasema mwaka huu kwa yaya tunakwenda kwa miguu.

Hapo akaingia shemeji wa Bukavu, mume wa yaya. Ni mtu mwema na nampenda, lakini alikuwa ametazama video za Wamarekani wanaotembea miezi mitano kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, zaidi ya kilomita 4,200, akaamini kwamba kutembea mbali ni kutembea porini. Kila jioni alipiga simu. "Shemeji, chakula cha siku sita, usipunguze." Jiko dogo la gesi. Sufuria mpya. Mchele kilo nne, makopo ya sardini, kamba, hema la watu watatu, viatu vya ngozi vya kufika juu ya kifundo. Kwa watu wa zile video ana haki: huko mtu anapita siku tano bila kuona duka, kwa hiyo anabeba jiko na chakula. Lakini Rwanda kuna zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba! Nalifundisha hilo darasani, na bado nilimsikiliza. Tuliupima mkoba wangu soko la Virunga kwenye mizani ya mama anayeuza maharagwe: kilo 17.

Jumatano tarehe 11 tukavuka mpaka pale Petite Barrière mapema. Shemeji alikuwa amesisitiza kila kitu kifungwe ndani ya sashe za plastiki kwa ajili ya mvua, na mimi, ninayeishi hatua chache kutoka Rwanda, ninayejua kwamba sashe zimepigwa marufuku huko tangu 2008, nikazifunga hivyo hivyo. Zilitolewa moja moja mbele ya watu. Tukabaki na soksi mkononi na mchele unamwagika. Kwenye soko la Gisenyi mama mmoja mwenye cherehani akatushonea mifuko minne ya kikwembe, yaani kitenge, kwa franga kidogo tu, na mifuko hiyo ninayo hadi leo. Kama unavuka kwenda huko, anza na kitambaa.

Siku ya kwanza ni kama kilomita 20 hadi Cyimbiri. Mwanzo ni rahisi, unafuata ziwa, unapita penye chemchemi za maji ya moto, unajiona shujaa. Kisha vilima vinaanza. Kwenye saa sita mtoto mmoja akatuonyesha njia ya mkato, inapanda moja kwa moja katikati ya migomba. Yeye alikuwa anaipanda akikimbia. Sisi, na kilo 17 kila mtu, tulikwenda hatua kumi tunasimama, hatua kumi tunasimama. Vile viatu vya ngozi vilikuwa vinateleza kwenye vumbi kama sabuni. Mdogo wangu alianguka mara mbili, ya pili akabingirika hadi kwenye muhogo wa watu, sufuria ikalia kengele kilima kizima. Tulipofika juu, njia ikaishia kwenye ua wa nyumba. Mwenye nyumba alitupa maji, akatuonyesha njia yetu: iko kule chini tulikotoka. Saa tatu zilipotea hapo. Tuliingia Cyimbiri giza limeshashika, mabega yamechubuka, malengelenge mawili kila mguu. Nikatazama nyuma tulikotoka, nikaona wekundu wa volkano ya Nyiragongo juu ya mawingu, uko karibu sana. Mdogo wangu akasema, "Yaya, kesho turudi." Sikumjibu.

Kilichotuokoa ni akina mama wawili.

Wa kwanza tulimkuta siku ya pili, karibu na Kinunu, penye kituo cha kuosha kahawa. Alinitazama ninavyotembea nimeinama, akacheka kwa huruma, akaja akaushika mkoba wangu. Mkoba wa sokoni hauna mkanda wa kiuno. Uzito wote unaning'inia mabegani. Akaniambia kwa Kiswahili cha ziwani nitoe kikwembe. Akakikunja kwa marefu, akakipitisha chini ya mkoba, akakileta mbele, akakikaza chini ya kitovu, juu ya nyonga, kama vile tunavyombeba mtoto. Mkoba ukapanda mgongoni, mabega yakapumua. Nimezaa watoto wawili, nimewabeba mgongoni miaka minne, na akili hiyo haikunijia! Toka pale hadi Bukavu sikuumwa bega tena. Mdogo wangu alikataa siku nzima kwa sababu ni kitu cha wanawake. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe kuomba nimfunge.

Mama wa pili alitufundisha kuuliza njia, ingawa hakujua kwamba anafundisha. Ukimuuliza mtu "ni mbali?", atakuambia "hapo tu", kwa wema, asikuvunje moyo. "Hapo tu" inaweza kuwa saa nne. Huyu mama alikuwa amebeba mkungu wa ndizi anakwenda sokoni, nikamuuliza vingine: "Wewe mama, ukitoka hapa sasa na ndizi zako kichwani, unafika saa ngapi?" Akatazama jua, akafikiri, akasema saa tano. Tulifika saa tano na dakika kumi. Tangu siku hiyo niliuliza tu watu wenye mizigo. Watoto usiwaulize, wala mwenye pikipiki usimuulize.

Siku ya nne, Rubengera, penye barabara ya lami, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu Goma: nikatoa jiko, sufuria, kamba, hema, makopo, viatu vya ngozi na mchele uliobaki, nikavifunga kwenye mkoba wa mdogo wangu, nikavituma kwa basi hadi Kamembe. Nililipa elfu tatu hivi za Rwanda. Nikabaki na raba zangu za kawaida, nguo mbili za kubadilisha, sweta, soksi jozi nne, vikwembe viwili, vidonge vya kusafishia maji, chupa mbili na simu. Labda kilo sita. Tukawa tunapokezana mkoba mmoja.

Na kesho yake ilikuwa Jumapili ya fainali ya Kombe la Dunia. Mdogo wangu alikuwa amehesabu siku zote kwa ajili ya hiyo, na ndiyo sababu alivumilia. Kutoka Rubengera hadi Kibuye, siku hizi wanaiita Karongi, ni kama kilomita 13, tukazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Tukapita kimya penye kanisa lililo juu ya ziwa, ambalo ni kumbukumbu ya waliouawa 1994. Nilimwonyesha mdogo wangu kiwanda kinachotumia gesi ya methani ya ziwa letu hili kutengeneza umeme, megawati 26, tangu 2016. Saa kumi na moja jioni alikuwa kwenye benchi la mbele, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, Ufaransa inafunga mabao manne. Chumba kilijaa hadi dirishani. Mtu asiyemfahamu alimletea maji mengine ya moto mara mbili.

Baada ya hapo maisha yakapata mwendo wake, na huo mwendo ndio ninaoukumbuka zaidi. Saa kumi na moja alfajiri tuko macho, chai ya tangawizi na chapati kwa mama yeyote aliyewasha moto, saa kumi na mbili kasoro tuko njiani. Watu wanakwenda shambani, "mwaramutse", salamu ya asubuhi ya Kinyarwanda, nasi tunaitikia. Saa tatu tunakaa kivulini, tunavua viatu, tunageuza soksi, tunaweka miguu juu ya mkoba. Usiruke hapo hata kama huna maumivu, maana lengelenge linaanza kabla hujalisikia. Nilikuwa napaka mafuta mazito ya kujipaka katikati ya vidole, na sikupata jipya tangu Kibuye. Soksi zilizofuliwa jana zinaning'inia nyuma zikikauka. Anayepanda kilima akikukuta umechoka anakuambia "komera", yaani jipe nguvu, na kwa kweli inasaidia.

Chakula kiagize kabla hujakaa. Maharagwe na viazi vya kwenye sahani vinachukua saa nzima kuja, na ukioga kwanza utalala na njaa. Sisi tulikuwa tunafika saa nane, naagiza, ndipo tunatafuta maji. Kulala tulilipa elfu tano, mara nyingine saba, mara moja mzee wa parokia alikataa pesa. Jioni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanatoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaimba wakipiga kasia, na usiku taa zao zinajaa ziwani. Idjwi, kisiwa kikubwa cha ziwa, iko mbele yako, na unaiona kwa upande ambao sisi wa Goma hatuujui.

Siku ngumu ilikuwa Mugonero hadi Karengera, karibu kilomita 29, na mvua moja ya ghafla ingawa ni kiangazi. Kibogora, Shangi, hizo zilipita. Tarehe 20, siku ya kumi, tukachukua mkoba wetu Kamembe, tukateremka hadi daraja la Ruzizi.

Nilisimama katikati ya daraja. Mdogo wangu alidhani nimeumia. Maji yalikuwa yanapita chini, ya kijani, yanatoka ziwani yanakwenda Tanganyika, na mvua ile iliyotunyeshea karibu na Karengera nayo siku moja itapita hapo. Nikalia kidogo. Nilikuwa nimeufundisha mto huo miaka kumi na moja.

Yaya alitungojea upande wa pili na beseni la sombe, yaani kisamvu, na bugali wa moto. Shemeji aliupokea mkoba mkubwa, akaufungua palepale sebuleni. Sufuria ilikuwa imepigika kwa lile anguko la siku ya kwanza, lakini ndani bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza mwezi wa Julai ujao tunaondoka tarehe ngapi, na kikwembe kinafungwaje.