Ratiba ya dawa ya mkanda wa jeshi ya Baba

Maumivu yalitangulia upele. Baba ni mstaafu wa reli, ameshavuka miaka sabini, na alikuwa akilalamika kwamba ubavu wa kulia unamuwaka moto ilhali ngozi ilikuwa safi kabisa. Kisha yakajitokeza malengelenge madogo kwa mafungu, kuanzia mgongoni kuja mbele, upande huohuo mmoja. Majirani zetu hapa Tabora walipoyaona tu wakataja jina: mkanda wa jeshi.

Shangazi akapiga simu kutoka Sikonge. Baada ya shikamoo akanihimiza nimpake Baba majivu na asali upesi, maana mkanda ukizunguka ukakutana, mgonjwa haponi. Nikamwambia, "Shangazi, nimekusikia, ila naomba daktari amwone kwanza." Sikutaka kubishana naye, na muda ulikuwa unakwenda: dawa ya virusi vinavyoleta ugonjwa huu hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Habari ya mkanda kukutana ni hofu tu. Virusi hufuata mshipa mmoja wa fahamu, na kwa kawaida huishia katikati ya mwili.

Kwenye duka la dawa nilionyeshwa krimu ya asiklovia, yaani dawa hiyo ya virusi lakini ya kupaka. Sikuinunua. Virusi vya mkanda wa jeshi ndivyo vilevile vya tetekuwanga. Hujificha miaka mingi kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, huamka kinga ikishuka kwa uzee au maradhi, na huko dawa ya kupaka haifiki.

Hospitalini, daktari aliuliza zaidi kuhusu dawa anazomeza Baba kuliko kuhusu upele wenyewe, na namshukuru hadi leo. Baba anatumia dawa za presha, mojawapo ni ya kukojoza. Tena magoti yakimsumbua hujinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu. Hiyo diklofenaki ilisimamishwa palepale. Daktari alitueleza kwamba asiklovia hutoka mwilini kupitia figo, na mwili ukiwa na maji kidogo inaweza kuganda chembechembe zikaziba mirija ya figo. Diklofenaki nayo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo hizohizo. Ukijumlisha uzee na joto la Tabora la mwezi wa kumi, hatari inaonekana. Kwa maumivu akapewa parasetamoli, na dawa za presha akaambiwa aendelee nazo.

Damu ilichukuliwa kupima figo na, kwa ridhaa ya Baba mwenyewe, VVU. Asiklovia ya vidonge ilianzwa siku hiyohiyo bila kusubiri majibu. Hakuwa na VVU, na figo zilionekana kuchoka kidogo tu, kwa hiyo dozi haikubadilishwa. Zingekuwa zimechoka sana, angepunguziwa hadi mara tatu au mara mbili kwa siku. Ndiyo maana naona si haki kumuuzia mzee dawa hii dirishani bila kumuuliza habari za figo zake.

Dozi yenyewe ni kubwa: miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku 7. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu vidonge viko vya nguvu tofauti. Vya miligramu 200 unameza vinne kwa mpigo, vya 400 unameza viwili. Jirani mmoja alisema yeye aliandikiwa kimoja cha 400 mara tatu tu, lakini yake ilikuwa ya malengelenge ya aina nyingine, ambayo dozi yake ni ndogo. Tulifuata karatasi ya Baba.

Saa zetu zilitusaidia sana. Saa 12 alfajiri, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, kisha analala. Mtu aliyefanya kazi kwa ratiba ya treni maisha yake yote hakuhitaji kukumbushwa mara mbili. Niliandika saa hizo kwenye karatasi, nikaibandika juu ya mtungi, na kila dozi ikawa na bilauri kubwa ya maji. Maji mengine alikunywa katikati. Nilikuwa namuuliza kuhusu mkojo, rangi na wingi, na mwanzoni aliona haya kujibu mtoto wake. Siku aliyopitiwa na usingizi mchana alimeza alipoamka, kwa kuwa dozi iliyofuata ilikuwa bado mbali. Hakuongeza nyingine juu yake.

Daktari alitupa pia dalili za kuogopa: mkojo kupungua, kutetemeka, kusinzia kupita kiasi, kuongea yasiyoeleweka au kuona vitu ambavyo havipo. Yakitokea hayo, dawa isimame na mgonjwa arudishwe mara moja. Usiku nilikuwa naongea naye kidogo kabla hajalala, nisikie tu kama maneno yake yamenyooka. Yalinyooka.

Mdogo wangu ana mimba na hajawahi kuugua tetekuwanga. Tulimwomba asije mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, kwa sababu maji yake yanaweza kumwambukiza. Baba alivaa shati jepesi juu ya kitambaa safi.

Upele ulikauka, lakini uchungu ulibaki ubavuni, hata shuka likimgusa anashtuka. Jirani akashauri tununue asiklovia tena. Tulirudi kwa daktari kwanza, naye akakataa: virusi vimeshatulia, kilichobaki ni mshipa ulioumia, na asiklovia haiutibu. Akamwandikia amitriptilini kidogo ya usiku, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, akamwonya asinyanyuke kitandani ghafla kwa sababu huleta kizunguzungu. Sasa analala vizuri, na uchungu unapungua polepole.